Rejista si Matokeo ya Mtihani

Kabla ya mpango wa maendeleo wa kaunti yetu wa mwaka 2023 hadi 2027 kupitishwa, nilihudhuria mkutano ulioitwa wa kuushirikisha umma. Ilani ilikuwa imebandikwa mlangoni pa ofisi ya chifu siku tatu tu kabla. Mkutano ulitarajiwa kuanza saa tatu asubuhi, nao ukaanza saa tano na nusu. Jambo la kwanza tulilotakiwa kufanya, hata kabla ya sala, lilikuwa kuandika majina yetu, kuandika nambari za vitambulisho na kutia sahihi. Karatasi hizo zilipitishwa safu baada ya safu kwa uangalifu ambao sikuuona tena siku hiyo katika shughuli nyingine yoyote.

Afisa aliyetumwa alikuwa na nakala moja ya rasimu, yenye kurasa zaidi ya mia mbili, yote kwa Kiingereza. Alitueleza yaliyomo kwa muda wa robo saa hivi. Maswali yaliporuhusiwa, mama mmoja wa makamo akainua mkono, akasema, "Mwanangu, mto wetu ukijaa watoto hawaendi shuleni. Tumeomba daraja la miguu tangu zamani. Je, limo katika kitabu hicho?" Afisa akafunua kurasa kadhaa, akazifunga, akajibu, "Mama, maoni yako tumeyapokea." Tukapiga makofi, tukapigwa picha, tukapewa soda na mkate, kila mtu akashika njia yake.

Miezi kadhaa baadaye niliipata hati iliyokamilika. Nikaenda moja kwa moja kwenye kiambatisho cha ushirikishaji wa umma. Nilikuta tarehe, jina la ukumbi, idadi yetu wanaume kwa wanawake, na picha. Yule mama yumo pichani, safu ya pili, mkono juu. Daraja lake halimo popote katika hati. Wala hapakuwa na sentensi moja iliyoeleza kwamba aliliomba, sembuse kueleza kwa nini hakupewa.

Nimeanza na kisa hiki, msomaji mpenzi, kwa sababu kinalifunua tatizo ambalo sasa limeota mizizi katika nchi yetu na katika nchi nyingi zinazoendelea. Tumekubaliana kwamba wananchi na washikadau wengine washirikishwe katika kutunga sera za maendeleo. Hilo halina ubishi tena. Ambalo hatujakubaliana ni namna ya kupima kama wameshirikishwa kweli. Maadamu hatuna kipimo kinachofaa, tumeazima kile kilichokuwa karibu, yaani rejista. Wangapi walikuja? Mikutano mingapi ilifanyika? Barua ngapi zilipokewa? Walimu watanielewa upesi. Hebu fikiria mwalimu mkuu anayeulizwa na wazazi kuhusu matokeo ya mtihani, naye akajibu kwa majivuno kwamba watahiniwa wote waliingia chumbani na kuandika majina yao. Nani angemvumilia? Lakini jibu la namna hiyo ndilo tunalopewa kila mwaka kuhusu bajeti zetu, na tunalipokea.

Haifai kusema kwamba hatujapiga hatua. Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 1965 Serikali ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika, ulioelekeza mipango ya uchumi wa nchi kwa miaka mingi. Waraka huo ulitoka juu kuja chini. Mwaka 1983 ukaja mkakati wa kuzifanya wilaya kuwa kitovu cha mipango ya maendeleo. Kamati za maendeleo za wilaya zikapewa jukumu la kuchagua miradi, lakini kiti cha mwenyekiti kikawa cha mkuu wa wilaya, ambaye alikuwa mtumishi wa Serikali Kuu na si mchaguliwa wa watu wa mahali pale. Wananchi walikuwa na nafasi ya kuongea barazani, ila jibu lilibaki mikononi mwa aliyetumwa kutoka Nairobi.

Kisha mwaka 1999 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilizitaka nchi maskini zilizotafuta nafuu ya madeni na mikopo ya masharti mepesi ziandae hati za mikakati ya kupunguza umaskini. Hati hizo zilitakiwa ziandaliwe kwa kuwashirikisha wananchi. Uganda tayari ilikuwa na mpango wake wa kuangamiza umaskini tangu 1997, Tanzania ikatayarisha hati yake mwaka 2000, na Kenya ikafanya mashauriano katika wilaya zake kati ya 2000 na 2001. Kwa mara ya kwanza vikundi vya wanawake, vyama vya wafugaji na mashirika ya kijamii vilialikwa kuketi na maafisa wa mipango. Hata hivyo, wakosoaji wengi katika nchi nyingi walitambua jambo moja. Wananchi waliulizwa kuhusu shule, zahanati na maji. Hawakuulizwa kuhusu ubinafsishaji wa mashirika ya umma, ushuru wa forodha wala kiasi cha nakisi ya bajeti. Hayo yalijadiliwa kwingine. Ikawa kama wenye nyumba wanaoulizwa wapendelea mapazia ya rangi gani, ilhali hati ya nyumba imekwisha kutiwa sahihi.

Katiba ya 2010 ilikuja kuyageuza hayo. Kifungu cha 1 kinasema mamlaka yote ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 10 kinataja ushiriki wa watu miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kifungu cha 118 kinalilazimisha Bunge kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria, cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti vivyo hivyo, na cha 201 kinaingiza ushiriki huo katika masuala ya fedha za umma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikaongeza sehemu nzima kuhusu jambo hilo. Ni nchi chache zilizoandika ahadi hii kwa wino mzito kiasi hiki. Ndiyo maana swali letu leo si kama ushirikishaji upo katika sheria. Swali ni kama sahihi ya mwananchi katika karatasi ya mahudhurio ina uzito wowote.

Wataalamu wamelishughulikia swali hili kwa muda mrefu. Mwaka 1969 mwanamke wa Kimarekani aitwaye Sherry Arnstein, aliyekuwa amefanya kazi katika serikali ya nchi yake, alichapisha makala ambayo hadi leo husomwa vyuoni. Alilinganisha ushiriki wa wananchi na ngazi yenye vipago vinane. Vipago viwili vya chini kabisa, kuwahadaa watu na kuwatuliza kama wagonjwa, alisema si ushiriki hata kidogo. Vitatu vya kati ni kuwaarifu, kuwauliza maoni na kuwaridhisha kwa viti vichache kamatini. Hivyo aliviita ushiriki wa kionjo tu. Vitatu vya juu ni ubia, kukabidhiwa mamlaka na wananchi wenyewe kushika usukani. Hapo ndipo alipoona uwezo halisi wa raia.

Ngazi hii inatufaa kwa sababu inatukumbusha kwamba kipimo cha ushiriki ni mamlaka, wala si makofi. Mkutano wetu wa kaunti ulikuwa katika kipago cha nne, yaani kuuliza maoni, nao ulikipanda kwa shida. Lakini ngazi ya Arnstein ina upungufu wake. Si kila jambo lapaswa kufika kipago cha juu. Kipimo cha dawa ya malaria hakipigiwi kura ukumbini. Tena ngazi haisemi ni nani aliyeachwa chini kabisa, asiyekanyaga hata kipago cha kwanza. Kijiji kinaweza kupewa mamlaka yote, na mamlaka hayo yakashikwa na wazee watano wenye mashamba makubwa. Kwa hiyo tunahitaji kipimo kingine, chepesi kutumiwa na mwananchi wa kawaida.

Mahakama zetu zimesaidia kukitafuta. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo. Ilieleza kwamba bunge la kaunti lapaswa kuwafikia watu kwa njia nyingi iwezekanavyo: makanisani, misikitini, mahekaluni, barazani na katika redio za kitaifa na za lugha za mashinani. Mwaka 2019, katika kesi iliyohusu kanuni za kudhibiti tumbaku, Mahakama ya Juu ilisema ushirikishaji lazima uwe wa kweli na usiwe wa kupaka rangi. Ikaorodhesha mambo ya kutazamwa, yakiwemo uwazi wa suala lenyewe, mfumo ulio rahisi kueleweka, uwakilishi usiobagua na watu kuelimishwa kwanza kuhusu kile wanachoulizwa.

Mwaka huohuo wa 2019 likatokea jambo lililowahusu watu wa pwani moja kwa moja. Kampuni moja ilitaka kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Lamu, wenye uwezo wa megawati 1,050, karibu na mji mkongwe ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Mwaka 2016 mtambo huo ulipewa leseni ya mazingira. Mikutano ilikuwa imefanyika na watu walikuwa wamehudhuria. Wakazi, wakiwa chini ya kundi la Save Lamu, walikwenda mbele ya jopo la kitaifa linalosikiliza mizozo ya mazingira. Mwezi wa Juni 2019 jopo likaifuta leseni hiyo. Mojawapo ya sababu zake ni hii: mikutano mingi iliyotajwa kuwa ushahidi ilifanyika kabla utafiti wa athari za mazingira haujakamilika. Maana yake ni kwamba wavuvi na wakulima wa Lamu waliulizwa maoni yao kuhusu athari ambazo wakati huo hawakuwa wamezielezwa. Rejista zilikuwepo. Kilichokosekana ni habari ambazo zingeipa maana sahihi ya mtu.

Kesi ya Lamu inanifunza kwamba swali la kwanza la kupima ushirikishaji ni la wakati na ujuzi. Je, watu waliulizwa kabla ya uamuzi au baada yake? Na walipoulizwa, walikuwa na habari za kutosha? Mtu anayeulizwa baada ya mkandarasi kuletwa hajaulizwa, ameaibishwa tu mbele ya majirani zake.

Swali la pili ni la lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na tena kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Licha ya hayo, hati za bajeti na miswada ya fedha aghalabu huwafikia watu kwa Kiingereza cha kisheria ambacho hata sisi tuliosoma hukifumbua kwa taabu. Afisa akisimama na kutoa muhtasari wa robo saa kwa Kiswahili, basi yeye ndiye anayeamua tujue lipi na tusijue lipi. Kaunti inayotaka kupata alama nzuri na ichapishe muhtasari wa kurasa kumi kwa Kiswahili na, inapowezekana, kwa lugha ya mahali pale, wiki mbili kabla ya mkutano. Gharama yake haizidi ile ya soda na mahema.

Swali la tatu ni hili: nani hakuwepo? Rejista hutuambia waliokuja. Haina safu ya wasiokuja. Mkutano wa saa tano asubuhi siku ya kazi humkosa kibarua wa shamba la chai, ambaye akikosa siku hiyo hukosa na chakula. Humkosa mfugaji aliyehama na mifugo wakati wa kiangazi, mama aliye kwenye foleni ya maji, na kiziwi asiye na mkalimani. Humkosa pia mwanafunzi aliye darasani, ingawa sera nyingi zinazojadiliwa ni za maisha yake. Mwalimu mwema akiona viti vitupu huuliza watoto wako wapi. Afisa wa mipango naye aulize, kisha aandike alichofanya kuwafuata.

Swali la nne, ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni la athari. Ni kipi kilichobadilika? Chukua rasimu iliyopelekwa kwa watu, uiweke kando ya hati iliyopitishwa, uzisome pamoja. Kama hakuna hata mstari mmoja uliobadilika baada ya mikutano arobaini, basi ama rasimu ilikuwa kamilifu, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe, ama mikutano arobaini ilikuwa tamthilia. Hiki ni kipimo kisichohitaji shahada. Kinahitaji hati mbili na kalamu nyekundu.

Swali la tano ni la majibu na ufuatiliaji. Wale ambao maoni yao hayakukubaliwa walielezwa kwa nini? Na yale yaliyokubaliwa, yalitekelezwa? Hapa pana mifano ya kujifunza. Mji wa Porto Alegre nchini Brazili ulianza mwaka 1989 utaratibu wa wakazi kupanga sehemu ya bajeti ya miradi mitaani mwao, mwaka baada ya mwaka, huku wakirudi kukagua kilichotekelezwa. Nyumbani, Kaunti ya Makueni ilijenga utaratibu unaoanzia kijijini, ukapanda hadi wadi na kaunti, na wananchi wakachagua kamati za kusimamia miradi yao. Sisemi kwamba Makueni hakuna malalamiko. Nasema kwamba huko mwananchi aliyesema jambo ana mahali pa kurudi kuuliza limefikia wapi.

Kuhusu majibu, mahakama zetu wenyewe zimetofautiana. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023. Miongoni mwa sababu ilizotoa ni kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya wananchi. Mwezi wa Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo. Ilishikilia kwamba Katiba haijaliwekea Bunge wajibu wa wazi wa kutoa sababu hizo. Naiheshimu hukumu hiyo kama sheria. Lakini lililo halali si lazima liwe limetosha. Sheria haimlazimishi mwalimu kuandika maoni pambizoni mwa insha ya mwanafunzi, lakini mwanafunzi anayerudishiwa insha yenye alama tatu kwa ishirini pasipo neno lolote hajafunzwa kitu.

Tena tumekwisha kuona gharama ya kutojibu. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipitia hatua zote za ushirikishaji zinazojulikana. Matangazo yalitolewa, kamati ya Bunge ikakaa, mashirika na watu binafsi wakapeleka maoni. Baadhi ya mapendekezo, kama vile kodi ya mkate, yaliondolewa. Hata hivyo vijana walimiminika barabarani katika miji mingi. Tarehe 25 Juni wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu wakapoteza maisha. Siku iliyofuata Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Wapo watakaosema kulikuwa na sababu nyingine nyingi, nami sikatai. Lakini nani atakayesimama na rejista mkononi aseme kwamba vijana wale walikuwa wameshirikishwa? Wengi wao walihisi kwamba njia iliyowekwa na sheria haina sikio upande wa pili. Mtu akiongea na ukuta mara tatu, mara ya nne haongei, huupiga teke.

Nitajibu sasa pingamizi tatu ninazozisikia mara kwa mara.

La kwanza ni kwamba tumewachagua viongozi ili waamue, na kwamba wakijibu kila mtu nchi haitasonga. Lina uzito wake. Lakini hakuna anayeomba barua milioni moja. Maoni hufanana. Maoni elfu moja kuhusu daraja la miguu ni hoja moja. Jedwali la safu tatu linatosha: watu walisema nini, tumeamua nini, kwa sababu gani. Kaunti inayoweza kuandika majina ya watu mia nne na nambari zao za vitambulisho inaweza kuandika hoja arobaini na majibu yake.

La pili ni kwamba wananchi wenyewe wameuharibu mchezo. Wengine huja kwa ajili ya nauli na chakula. Wengine husafirishwa na wanasiasa wakiwa wamefunzwa la kusema. Wenye sauti kubwa huwanyamazisha wanyonge. Ni kweli, nami nimeyaona. Lakini mazoea haya yamezaliwa na rejista ileile. Kinachohesabiwa kikiwa ni vichwa, basi vichwa vitaletwa kwa lori. Hoja ikianza kupimwa kwa uzito wake, mwenye lori hatakuwa na biashara. Na mtu anayejua kwamba neno lake litajibiwa hahitaji soda ili aje.

La tatu ndilo gumu zaidi, nalo hutolewa na watu wenye busara. Wanasema kila kipimo hufundisha namna ya kukidanganya. Tukianza kuhesabu mabadiliko, waandishi wa miswada wataingiza mizigo ya uongo makusudi ili waje waitoe na kujisifu kwamba wamewasikiliza wananchi. Mchuuzi hodari hutaja bei maradufu ili ashushe mbele yako, nawe uende nyumbani ukidhani umemshinda. Hatari hii ipo, nami sina dawa yake kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba mabadiliko yapimwe kwa uzito, yasihesabiwe kwa idadi. Tuulize: je, kile ambacho watu walikilalamikia zaidi kimeguswa, au kimeguswa kile kilichokuwa rahisi kuachwa? Kwa sababu hiyo pia mpimaji asiwe yule anayepimwa. Mtahini hajisahihishii karatasi yake mwenyewe.

Basi nani awe msahihishaji? Hapa nawageukia ninyi walimu na wanafunzi, ambao najua ndio wasomaji wengi wa ukurasa huu. Kila kaunti ina shule za sekondari na vyuo. Kila mwaka kaunti huandaa mpango wa maendeleo na makadirio ya bajeti, na sheria inataka hati hizo ziwekwe wazi kwa umma. Kidato cha tatu kinaweza kugawana wadi, kikazisoma rasimu na hati za mwisho, kikaandika kwa Kiswahili safi kilichobadilika na kisichobadilika. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetafuta mada ya utafiti aende akawatafute wale ambao majina yao hayamo katika rejista, awaulize kwa nini hawakufika. Kazi ya namna hiyo itafunza hisabati, lugha, historia na uraia kwa pamoja. Itawapa pia magavana na wabunge msahihishaji wasiyeweza kumnunua kwa chakula cha mchana.

Ila tukumbuke kuanzia nyumbani. Ni mara ngapi wazazi huitwa shuleni, wakasomewa mchango wa basi uliokwisha kuamuliwa, wakaombwa wapige makofi na kutia sahihi? Ni mara ngapi viranja huulizwa maoni kuhusu chakula, maoni hayo yakaishia katika daftari lisilofunguliwa tena? Moto na vurugu katika shule zetu zina asili nyingi, lakini kutosikilizwa hutajwa mara kwa mara na wanafunzi wenyewe. Mtoto aliyejifunza shuleni kwamba kutia sahihi ni kitu kimoja na kusikilizwa ni kingine, atakuwa afisa wa mipango wa aina gani kesho? Tusije tukamlaumu gavana kwa kosa tulilomfunza sisi.

Nayasema haya bila kumchukia afisa aliyekuja katika ukumbi wetu. Alikuwa kijana mwenye adabu, na huenda ripoti yake nayo ilipimwa kwa idadi ya sahihi alizorudi nazo. Angeambiwa kwamba atapimwa kwa hoja alizozileta na majibu aliyoyarudisha, naamini angemsikiliza yule mama kwa kalamu iliyofunguliwa.

Nilikutana na mama huyo sokoni juzijuzi. Nikamwambia nimeiona picha yake katika kitabu cha kaunti. Alicheka, akaniuliza kama daraja nalo limo. Nikamwambia halimo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wangeniambia tu kuwa pesa hazitoshi, mwalimu. Ningejua la kufanya." Anatarajia kualikwa tena mpango mwingine utakapoandaliwa. Ameniuliza kama kuna haja ya kwenda. Nilimwambia aende, na kwamba mara hii tutaenda pamoja, kila mmoja akiwa na nakala yake ya rasimu ya zamani na kalamu nyekundu.